Manukato Niliyoyasifu Nikiwa na Mafua

Naomba msinicheke kabla sijamaliza. Nauza manukato mtaani Kabeza, na juzi nilikuwa na mafua yaliyoniziba pua kabisa. Sikuona shida. Harufu yenyewe haiuzi. Ukimwambia mteja ni limau na mdalasini, anafikiria chai. Mimi nauza picha.

Akaingia mama mmoja wa Kanombe, mke wa afande. Nikachukua chupa ya kujaribia, nikampulizia mkononi.

"Iko na harufu gani?" akauliza.

"Mama, hii ni ya mwanamke anayeshuka kwenye ndege, na uwanja mzima unamsubiri yeye."

Akanusa, akafumba macho. "Ni kweli. Nasikia mpaka ndege."

Hapo nikavimba kichwa. Nikajipulizia shingoni, nikaanza kumwonyesha mwanamke huyo anavyotembea. Nilikuwa katikati ya duka, mkono kiunoni, Mukamana anayetufanyia usafi alipoingia.

"Bosi, samahani," akasema, akichukua chupa mkononi mwangu. "Hii manukato iliisha, nikaweka dawa ya kufuta vioo."

Akapulizia kioo cha kabati, akafuta. Kioo kikang'aa vizuri sana, na ndani yake nikamwona yule mama akinusa mkono wake tena, safari hii macho wazi.