Mke Wangu Hajachanjwa

Baba yangu anaamini bakteria. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani namwandika mzee asiyejua lolote. Mnyauko wa migomba ulipoingia kwenye vibanja vya Kamachumu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kwetu kumsikiliza bwana shamba. Aliambiwa kuna kidudu kisichoonekana kwa macho, kinachosafiri kwenye makali ya panga kutoka mgomba mmoja hadi mwingine, akakubali. Hakudai kuonyeshwa. Mpaka leo hatoki mgomba huu kwenda ule kabla hajapitisha panga kwenye moto. Ua dume halikati, analing'oa kwa kijiti chenye panda. Mgeni akitaka jani la kufunikia chakula anapewa panga la nyumbani, la kwake analiacha nje ya kibanja, hata akiwa padri.

Sasa mtu huyohuyo mpe habari ya kirusi kinachotoka kwenye kikohozi cha binadamu, halafu uone.

Mimi nafundisha biolojia Bukoba mjini. Nasimama mbele ya watoto wa watu, nawaeleza jinsi mwili unavyojikinga, wananielewa na kufaulu. Nikifika nyumbani mwisho wa wiki, nafundishwa mimi. Baba ana simu aliyonunuliwa na dada yangu wa Dar es Salaam, na ndani ya simu hiyo kuna daktari. Daktari huyo hana sura wala jina, ana sauti tu, anazungumza kwa kuhema kama mtu anayekimbizwa, na kila ujumbe wake unaanza kwa kuamuru watu wausambaze kabla haujafutwa. Kwa huyo ndiko baba alikojifunza kwamba chanjo ya korona inageuza damu, kwamba waliochanjwa hawatamaliza miaka miwili, na kwamba ndani ya sindano mna kidude cha kumfuatilia mtu kila anakokwenda.

"Tata," nilimwambia baba siku moja, "wewe unakwenda kibanjani, kanisani, na kwenye pombe ya rubisi. Nani anahangaika kutaka kujua hayo?"

"Ungejua wanachotaka, mwanangu, usingekuwa mwalimu."

Jibu hilo lilinikera wiki nzima. Nililirudia nikisahihisha madaftari, nikapata majibu mazuri sana ya kumpa, na yote nilijua angeyafuta kwa neno moja.

Hoja yake moja tu ndiyo iliyokuwa ikinikaba. "Walituambia ugonjwa haupo, tujifukize, tuchape kazi," alisema. "Kisha haohao wakaja kutuambia upo, tupange foleni. Bwana shamba hajawahi kuniambia mnyauko haupo." Hapo hasira zangu zikahamia kwa wakubwa serikalini. Wao walisema walivyotaka, wakabadilisha walivyotaka, kisha kazi ya kuwarudisha wazee wetu wakatuachia sisi.

Mama ana sukari. Chanjo zilipofika, nilikuwa nimemleta Bukoba kupima macho, na tulipotoka kwa daktari tukapita penye meza ya wachanjaji. Akasimama mwenyewe. Akaniuliza kama mimi nimechanjwa, nikasema ndiyo. Akaniuliza ilikuwaje, nikasema mkono uliuma na homa kidogo, kesho yake nikaenda kazini. Akaketi na kukunja mkono wa gauni bila kuuliza zaidi. Tulipokuwa tunarudi stendi akaniambia, "Baba yako nitamwambia mwenyewe. Wewe nyamaza." Nikaahidi, maana nilidhani atamwambia jioni ileile.

Hakumwambia. Miezi ikapita, kisha baba akaugua. Homa, kikohozi, kifua kinabana, kahawa hainukii wala kuonja haionjeki. Mama alimuuguza katika chumba kilekile wanacholala, akamlisha uji na kumfuta jasho, na yeye mwenyewe hata mafua hakupata. Baba alipopona alisema ameponywa na tangawizi na malimao. Sawa, hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni kwamba angemgeuza mama kuwa ushahidi.

Alianzia kwenye jumuiya ya kanisa, akaendelea kwenye foleni ya kuuza kahawa, akafika mpaka misibani. "Mke wangu hajachanjwa," alikuwa akisema kwa sauti ya kusomea Injili. "Nimekohoa nyumba ikatikisika, amelala ubavuni mwangu. Mmemwona akikohoa?" Watu wanageuka kumtazama mama. Mama anatazama chini, nao wanadhani ni unyenyekevu. Na kwa kuwa baba ndiye aliyewaokolea migomba yao, walimsikiliza. Aliwahi kuwaambia kweli wakapona njaa, kwa nini wamtilie shaka sasa?

Nilitamani kupiga kelele. Mwalimu wa biolojia anajua kwamba mtu mmoja si ushahidi wa jambo lolote, la baba wala la kwangu. Wapo waliochanjwa wakaugua, wapo ambao hawakuchanjwa na wakavuka salama. Lakini nilieleze hilo kwa nani, wakati ushahidi wenyewe ni wa uongo na nimefungwa mdomo? Nilikuwa namfuata mama jikoni.

"Mama, mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Mwanangu, nipishe hapo nigeuze hivi viazi."

Labda ningeendelea kuvumilia kama isingekuwa shangazi. Ni dada mkubwa wa baba, mjane, anaishi Buganguzi peke yake, na sukari yake ni mbaya kuliko ya mama, na presha juu. Ndiye aliyenilea nilipoachishwa ziwa. Kila alipokwenda kliniki, muuguzi alimsihi achanjwe, na Krismasi ilikuwa inakaribia. Krismasi kwetu kila aliyezaliwa Kagera anarudi. Mabasi yanawashusha kutoka Dar, Mwanza, wengine Kampala, na hakuna anayepita wilaya yetu ya Muleba bila kwenda kumkumbatia shangazi, awe mzima au awe na kifua. Nilimpigia simu kumbembeleza. Akanijibu kwa upole kabisa, "Wifi yangu hajachanjwa na ni mzima wa afya. Mimi nikadungwe kwa lipi?"

Niliposikia hivyo niliingiwa na hofu ya kweli. Mpaka hapo nilikuwa nakereka tu. Sasa niliona shangazi yangu anaweza kufa kwa ajili ya mkono ambao mama anauficha ndani ya gauni. Nilimwambia mama hivyohivyo, bila kupunguza makali. Kisha nikarudi Bukoba nimewanunia wote wawili.

Wiki ya Krismasi shangazi alikuja Kamachumu kusaidia. Nilipofika niliwakuta yeye na mama nje ya jiko wanamenya ndizi, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Baba alikuwa ameketi karibu nao akitafuna punje za kahawa, simu iko gotini. Nikachukua kisu nami nikaketi. Shangazi akawa anaeleza kwamba yule muuguzi amemshika tena, safari hii amemkasirikia hasa.

"Ameniambia nikiugua ugonjwa huu, na sukari yangu hii, sitavuka. Kanitisha. Nimekuja nikuulize wewe, mdogo wangu, mara ya mwisho. Utakalosema ndilo nitakalofanya."

Baba akatema maganda ya kahawa na kukohoa kidogo, kile kikohozi cha kujiandaa. Nilijua kinachokuja, nikatamani kumrushia ndizi.

"Dada, woga wa nini? Mtazame huyu hapa. Mke wangu hajachanjwa, na..."

"Nilichanjwa," mama akasema.

Hakuinua kichwa. Kisu chake kiliendelea kumenya.

Baba alitabasamu, akingoja aelezwe utani wenyewe. Hakuna aliyemweleza. "Lini?"

"Nilipokwenda kupima macho. Kabla hujaugua."

Akanitazama mimi, mimi nikatazama ndizi. Mtu mwingine angenyamaza hapo, lakini baba yangu hashindwi upesi. "Kumbe ndiyo maana goti linakusumbua."

"Goti langu linauma tangu nilipomzaa huyu," mama akasema, akininyooshea kisu.

Shangazi aliweka ndizi chini. Alianza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka machozi, akiyafuta kwa kifundo cha mkono kwa ajili ya utomvu. "Mdogo wangu! Mkeo kachanjwa, mnalala kitanda kimoja, hukujua. Na wewe ndiye unayetueleza siri za Ulaya?"

Nilicheka pia, tena kwa kisasi, kwa zile wikendi zote. Shangazi akaniuliza kama wachanjaji wapo kazini wiki hii na kama anaruhusiwa kunywa chai kabla ya kwenda. Nikamwambia anywe chai, ale na ndizi, kesho asubuhi nampeleka. Nilijisikia mwepesi, mikono ikawa inamenya yenyewe.

Baba hakucheka. Alikuwa ameshika simu bila kuitazama, na hapo ndipo nilipoona kwamba sikuwa namtazama mtu aliyeshindwa kwenye mabishano. Alikuwa ameumia. Aliinama kuelekea kwa mama, akamuuliza kwa Kihaya, kwa sauti ndogo, kama vile mimi na shangazi hatupo, kwa nini hakumwambia.

Mama alifuta kisu kwenye kanga, akakaa nacho mapajani.

"Ungenikataza," akasema. "Na ungenikataza, ningekutii."