Kojeti za Futari

Majirani zetu wa Kansanga walipanda kwa kutazama mawingu. Sisi tulipanda kwa kutazama mwezi, na walitucheka sana kwa hilo. Rajabu ikiandama, iwe mvua iwe jua, baba aliloweka mbegu za kojeti kwenye kikombe kilichovunjika mkono, na asubuhi akazichomeka ardhini, kila moja imesimama kwa ncha ili isioze. Rajabu ni ya kuota, Shaabani ya kuchanua, na Ramadhani ikiingia tunakula. Kojeti ni yale mamumunye madogo ya kijani yanayokatwa yakiwa bado machanga. Mama aliyapika kwa nazi ya Mombasa, wakati bado kulikuwa na mtu wa kuleta nazi.

Mbegu za kwanza baba alipewa na Mhindi aliyemuuzia vitambaa, mwaka serikali ilipowafukuza Wahindi nchini. Tangu hapo kila mwaka aliacha kojeti moja ya mwisho ikomae, apate mbegu za mwaka unaofuata. Alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa barazani kwetu. Bustani ilikuwa hapohapo chini ya baraza, na kwa kuwa Rajabu ya miaka ile iliangukia kiangazi, kila sala alitawadha juu yake, akisogea shina hadi shina. Mimi, binti yake mkubwa, nilimshikia birika. Alisema miche haina dini, lakini maji ya udhu inayapenda.

Kulikuwa na sharti moja, babu zake walitoka nalo pwani: hakuna kukata tunda lolote la bustani kabla mwenye nyumba hajakata la kwanza. Baba alikata lake jioni ya mwezi kuandama, kwa mkasi wa kushonea, na kila mwaka mama alimgombeza kwa kuuharibu mkasi.

Mwaka ninaousema, Shaabani ilikuwa katikati na maua ya kiume tu ndiyo yaliyofunguka, yale yasiyobeba kitu. Gari likasimama mbele ya baraza, askari wawili wakashuka.

"Fundi, kuja," mmoja alisema. "Mkubwa yetu nataka pimwa suti."

Baba alitia utepe wa kupimia shingoni, akaniambia nimalizie pindo la suruali iliyokuwa mashineni, akaingia garini. Nilimaliza pindo. Hakurudi.

Mama alienda kituo cha polisi, akaenda kambini, akaenda kwa mtu aliyejuana na mtu. Kila mahali waliomjibu walimuuliza kwa nini anauliza. Hasira ya swali lile haijanitoka mpaka leo.

Bustani haikuwa na habari. Maua ya kike yalikuja, vitunda vikanenepa, na Ramadhani ilipoandama kojeti zilikuwa tayari, nyororo, urefu wa kiganja. Sikuwahi kuona zimelenga wakati wake vizuri namna ile, na iliniuma kuzitazama. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kutusaidia futari. Aliinama na kisu. Mama akamshika mkono.

"Wifi, hiyo ina mwenyewe," alisema. "Mwenyewe atakuja kukata."

Aliyewahi kulima kojeti anajua kilichofuata. Ukiziacha shinani, mmea huona kazi yake imekwisha. Hutia nguvu zote kwenye mbegu na hauzai tena. Vitunda vipya viligeuka njano vikaanguka. Mwezi mzima tulifuturu mihogo kwa chai isiyo na sukari, maana sukari nayo ilikuwa imepotea madukani, na hapo nje yamelala mamumunye makubwa kuliko paja langu. Niliyachukia. Shangazi alinung'unika, mama akajifanya hasikii, Idi ikapita, majani yakakauka. Mamumunye yalipojikatikia yenyewe, mama akayagawa kwa mbuzi wa jirani, isipokuwa lile lililotangulia kuzaliwa. Hilo aliliweka juu ya cherehani.

Alienda kwa shehe kuuliza habari ya eda. Shehe alimwambia, kwa upole, kwamba eda ina siku yake ya kuanza, na bila maiti wala shahidi siku hiyo haijulikani. Basi mama akawa si mke, si mjane. Kila jioni aliweka sahani ya baba mezani, na baadaye akaiosha ingawa ilikuwa safi.

Rajabu ikaandama tena. Kikombe cha mbegu kilikuwa kitupu, maana zote baba alizipanda. Shangazi alisema tutaomba kwa watu. Mama aliiendea cherehani. Alilishusha lile mumunye, akajaribu mkasi wa baba, mkasi ukateleza kwenye ganda. Akaniagiza panga. Alilipasua kwa pigo moja. Ndani palikuwa pamejaa mbegu nene, nyeupe. Alizichambua zote kwa vidole, akaziloweka kwenye kikombe cha baba, kisha akasema bila kunitazama:

"Mwenyewe hakuja. Nimekata mimi."

Akaingia ndani, akavua bangili zake, akajifunga nguo nyeupe, akaanza kukaa eda. Hakumngoja shehe wala mtu mwingine.

Mbegu nilizipanda mimi asubuhi yake, kila moja kwa ncha, nikazimwagilia kwa birika. Ramadhani ilipoandama mama alikuwa bado edani. Alitoka hadi chini ya baraza na ule mkasi, akakata ya kwanza, akanipa nikapike, akarudi ndani.