Ulanzi Si Ulinzi

Saa tatu asubuhi mvua inatwanga mabati ya Mwanjelwa, na Frida Kalinga anagombana na kompyuta.

Anaandika neno moja: ulanzi. Mstari mwekundu unajichora chini yake. Anabonyeza aone mashine inashauri nini. Inamshauri aandike ulinzi.

"Mjinga wewe," anaiambia. "Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma!"

Halfani, muuza dagaa wa mlango wa pili, anachungulia. "Dada Frida, imekuudhi nini tena hiyo mashine? Ipige kofi basi tujue moja."

Haki ya kufoka anayo. Steshenari yake hapa Mbeya inachapa barua, kadi za harusi na ratiba za misiba, lakini kazi iliyomkaa moyoni haina mshahara wala ofisi. Ni mmoja wa watu wachache wanaojitolea kutunza orodha ya maneno ya programu inayokagua tahajia ya Kiswahili. Neno likiwemo kwenye orodha, mashine inalipitisha. Lisipokuwemo, inalipigia mstari mwekundu na kuleta jingine linalofanana nalo.

Aliingia humo kwa hasira. Alikuwa anachapa ratiba ya mazishi ya mzee Andendekisye, na mashine ikawa inamng'ang'aniza aandike "anaendekeza". Mjane wa marehemu amekaa pale pale, anatazama kioo.

"Nikasema hapana, huu sasa ni utovu wa adabu," anasimulia. "Nikatafuta wanaoitengeneza ni akina nani. Kumbe ni watu tu kama mimi na wewe. Nikajiunga."

Kazi yenyewe si ya kumwaga maneno kama mchele kwenye gunia. Kiswahili kinavaa na kuvua. Ukiingiza "gema" peke yake, mashine itakataa anagema, hawajagema na waligemewa. Kwa hiyo kila kitenzi anakipa mzizi wake, na kanuni za kinachoweza kuutangulia na kuufuata. Akikosea kanuni moja, mashine inapitisha upuuzi nchi nzima.

Hilo "gema" aliliingiza kwa mkono wake. Amezaliwa Kihesa, Iringa, nyumba ya wagema ulanzi, pombe ya mianzi. Mvua zikianza, mianzi michanga inakatwa ncha asubuhi na jioni, na maji yake yanadondokea kwenye mbeta, kipande cha mwanzi kilichofungwa pale juu. Ulanzi wa leo ni mtogwa, mtamu. Ukilala unakuwa mkangafu, unakwaruza koo.

Mwezi huu ulipoanza, simu ililia kutoka Kihesa. Alikuwa Bertha, mdogo wa marehemu mama yake, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wauza ulanzi.

"Kamwene, Frida."

"Kamwene, mama mdogo."

"Ile mashine unayojivunia, inayojua Kiswahili, ndiyo hiyo wanayotumia maofisini?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Basi imetuua."

Cheti cha kikundi kilikuwa kimetoka katika ofisi moja mjini, kina muhuri, kina sahihi, na jina limekaa katikati kwa herufi kubwa: Kikundi cha Wanawake Wauza Ulinzi. Karani alibonyeza "badilisha yote", akachapa. Mama Bertha, ambaye bila miwani haoni herufi, alikipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Walipokipeleka sokoni kuchukua kizimba walichoahidiwa, msimamizi alikisoma mara mbili.

"Mama, mnauza ulinzi? Kibali cha kampuni ya ulinzi kiko wapi? Silaha mnatunzia wapi? Mbwa mnao?"

"Mbwa ninaye mmoja," Mama Bertha akamjibu, "lakini hauzwi."

Watu walicheka, kizimba hawakupewa. Warudi wakarekebishe cheti, na mwezi ukiisha bila cheti sahihi, kizimba anapewa mwingine. Wakarudi. Karani akaandika upya, akabonyeza kile kile alichozoea kubonyeza, na ulinzi ukatoka tena. Sasa akina mama wanauzia barabarani, mvuani, na ndoo isiyoisha leo kesho haina mnunuzi wa mtogwa.

Frida alifungua orodha akiwa na uhakika kwamba neno limo. Halikuwemo. Lilikuwa limeondolewa, na aliyeliondoa aliacha jina: Clement, mratibu wa wanaojitolea, mkazi wa Dar es Salaam. Akampigia hapo hapo.

"Dada, tulia nikueleze," Clement akasema. "Wengi wanaoandika ulanzi wamekusudia ulinzi. Huku mtaa mmoja umebandika tangazo la Kamati ya Ulanzi na Usalama. Neno likiwemo, mashine inanyamaza, watu wanaaibika."

"Wanaaibika? Si wacheke wakalale! Kwetu watu wanakosa pa kuuzia. Nyie mkikosea vidole, ndiyo sisi tufutwe?"

"Lakini ni neno la sehemu moja tu, dada."

"Na sehemu hiyo iko nchi gani, Clement?"

Akakata simu. Akatoka kibarazani kumsimulia Halfani, akitegemea kupewa pole. Halfani hakutoa pole. Alinyoosha kidole kwenye bango la duka lake, ambalo Frida mwenyewe alimchapia mwaka jana. Linasomeka: DAGAA SAFI WASIO NA VYUMBA.

Halfani alikuwa ameandika "vumba", neno la watu wa pwani kwa ile harufu kali ya samaki. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuja nalo kutoka Kilwa. Mashine ikalibadilisha, Frida asione, na tangu siku hiyo wateja wanauliza dagaa wake wamepanga wapi.

"Neno la mama yangu nani aliliondoa?" Halfani akauliza.

Aliliondoa Frida mwenyewe. Matangazo ya nyumba za kupanga, hapa Mwanjelwa na kule Mbalizi, yalikuwa yanadondosha y, watu wanatangaza "vumba viwili na sebule". Akaona neno linaficha makosa, akalifuta. Sababu ile ile ya Clement.

"Nilipofanyiwa mimi ulicheka mpaka ukakaa chini," Halfani akasema. "Umefanyiwa wewe, unataka kupasua kompyuta. Haya, dada yangu."

"Siku ile nilijichukia kuliko nilivyomchukia Clement," anasema Frida. "Lakini Clement hajapona. Hasira iko pale pale, nimejiongeza na mimi tu."

Akapitia maneno yote aliyowahi kuyafuta kwa sababu hiyo, akayarudisha kwenye nakala yake ya orodha, vumba na ulanzi yakiwa mbele. Kila moja amelitia alama ya onyo: mashine haitalibadilisha, itamuuliza mwandishi kama ndilo alilokusudia. "Badilisha yote" haitaligusa.

Akampelekea Clement. Clement akajibu kwamba wazo ni zuri, watalijadili. Juzi wametoa toleo jipya. Ndilo alilokuwa analijaribu asubuhi hii, na ule mstari mwekundu ndiyo majibu yao.

"Wao wana toleo lijalo," anasema. "Mama mdogo ana mwisho wa mwezi."

Alhamisi anafunga steshenari na kwenda Iringa, orodha yake ikiwa kwenye flashi. Mama Bertha atamsubiri stendi, safari hii na miwani. Wataingia ofisini pamoja, na hawatatoka mpaka karani akubali kuiweka orodha hiyo kwenye kompyuta yake. Akirudi Mbeya, Halfani anapata bango jipya.

"Samahani ya mtu siitaki," Frida anasema, akifuta ulinzi kwenye kioo na kuandika upya neno la kwao. "Nitasimama nyuma ya kiti cha karani. Aandike ulanzi. Mashine imuulize. Na ajibu mwenyewe, mama mdogo akimsikia: ndiyo, ulanzi."