Majina ya Makaburini

Kanga mpya ina harufu ya rangi ambayo haijaguswa na maji. Nimeifunua asubuhi hii nyumbani Tegeta, nikajikuta Kimbiji ya utotoni, nimekaa mchangani miguuni pa bibi.

Mzungu alikuwa amenunua kiwanja cha ufukweni na kukizungushia uzio, na makaburi yetu yakabaki ndani. Siku hiyo alikuja kutusikiliza, kaja na mkalimani kutoka mjini. Bibi akasimama na kanga yake mpya, akawataja waliozikwa kule, mmoja mmoja, taratibu. Upepo ulikuwa unaichezea ile kanga, nami nikaona kama majina yanatoka humo ndani ya nguo.

Mkalimani akamgeukia mzungu kwa maneno matatu tu.

“Mwanangu, hayo ndiyo yote niliyosema?”

“Nimemwambia kwa kifupi, bibi. Kwamba mnaomba njia.”

“Wafu wangu sikuwataja kwa kifupi.”

Akaanza upya. Safari hii wanawake wenzie wa kikundi cha ngoma, waliokuwa nyuma yake, wakampokea kama wanavyopokea wimbo. Akitaja jina, wote wanaliitikia, kisha wananyamaza na kumtazama mkalimani mpaka naye alitamke.

La mwisho lilikuwa la mama yangu. Tangu azikwe, hakuna aliyelitamka mbele yangu. Sasa lilikuwa linapita juu ya kichwa changu, mdomo hadi mdomo, mpaka mzungu mwenyewe akalijaribu. Akakosea.

Bibi hakuketi. Akalitaja tena.