Miiba ya Mgongoni

Mume wangu alikuwa mrina asali. Kila kiangazi aliondoka kwetu Ipole na baiskeli yake, yeye na wenzake wawili, wakaingia porini kukaa kambini wiki tatu, wakati mwingine nne. Alirudi na madumu ya asali na mgongo uliovimba.

Nyuki wakimuuma usoni au mikononi, wenzake walimtoa miiba palepale. Ya mgongoni aliwakatalia. Alisema wana mikono migumu, wanabinya, na mwiba ukibinywa sumu yote inaingia mwilini. Basi ile ya siku ya mwisho, iliyokuwa haijadondoka yenyewe, alikuja nayo nyumbani. Alikaa kwenye kigoda uani, akavua shati, akainama. Nilikwangua mmoja mmoja kwa kisu butu, taratibu, mpaka kidoa cheusi kitoke. Nikaosha kwa sabuni, kisha nikaweka kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi, nikakigeuza kila kilipopata joto. Nilimkataza kujikuna, naye alijikuna. Si msemaji, lakini akishanipa mgongo alinisimulia yote: mizinga ipi nyuki wamehama, wapi wameona nyayo za tembo, nani kambini anakoroma. Nilikuwa napenda saa ile kuliko hata asali yenyewe.

Mwaka wa kumi na tatu wa ndoa yetu alirudi mchana. Nikaleta maji, kigoda na kisu. Akasema safari hii hakuumwa sana, niache tu. Nikamwambia avue shati. Akavua.

Mgongo ulikuwa umejaa vivimbe, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mwiba. Vyote vilikuwa vimekwanguliwa vizuri, bila mchubuko, na juu yake ulikuwa umekauka utomvu wa mshubiri. Nilijaribu kuamini kwamba ni wenzake. Lakini aliyeifanya kazi ile hakuwa na haraka.

"Nani kakutoa miiba, baba watoto?"

Alijibu bila kugeuka.

"Mama watoto, sitakudanganya. Kuna mtu."

Nililowesha kitambaa nikakiweka mgongoni kwake hivyo hivyo, kwa sababu ngozi ilikuwa ya moto na sikujua kitu kingine cha kufanya. Akanieleza kwa sauti ileile ya kunieleza habari za mizinga. Ni mjane, anaishi kijiji cha mwisho kabla ya pori. Walikuwa wananunua unga kwake. Huu ulikuwa msimu wa pili. Sikutoa sauti, lakini alijua nalia, maana machozi yalimdondokea mgongoni.

Mama mkwe alinisihi nivumilie, akasema atachoka mwenyewe. Nikavumilia. Msimu uliofuata wenzake wawili walirudi bila yeye. Mmoja aliniletea madumu mawili ya asali ya watoto, akayaweka mlangoni, akaniambia huku anatazama chini kwamba mwenzao amejenga kule.

Nilikaa mwezi mzima, kisha nikapanda basi, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta yule mwanamke peke yake uani, anabangua karanga. Ni mdogo kwangu, mwembamba, khanga yake imefifia. Nadhani alinijua kabla sijafungua mdomo. Aliinuka akanipa shikamoo, na mimi nikaitika marahaba kabla sijafikiri. Akanipa kigoda chake, yeye akabaki amesimama. Nikakaa.

"Yupo shambani," akasema. "Nimwite?"

Nikasema asimwite. Alinipa maji, nikanywa, nikamrudishia kikombe, nikaondoka. Ningekuta mwanamke wa matusi, pengine ningepona mapema.

Sasa nakaa Kwihara kwa kaka yangu. Nalima viazi vitamu, navikata na kuvikausha kuwa michembe, nauza mjini Tabora. Mume wangu hajanipa talaka wala mimi sijaidai. Shule zikifungwa watoto wanakwenda kwake, wanarudi wamenenepa. Safari iliyopita yule mdogo alishuka kwenye bodaboda, akanikumbatia, akasema baba ananisalimia sana. Nikamjibu salamu zimefika. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kugeuza michembe juani, ingawa nilikuwa nimetoka kuigeuza muda si mrefu.