Kichwa cha Mashine ya Babu

Gasketi mpya ina harufu yake. Wiki iliyopita, muuzaji wa spea pale Kibiti alipochana nailoni, ilinijia puani ile harufu ya karatasi iliyolowa mafuta ikakaukia kabatini, na ya shaba kwa mbali. Nikacheka peke yangu. Muuzaji, maskini, akadhani namcheka yeye. Hakujua kwamba nilikuwa nimesharudi Salale, pengo mdomoni, nimekalia gunia la pumba na babu yangu hataki kuzungumza na baba yangu.

Babu, mzaa baba, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Injini yake ya dizeli ilikuwa ya siku nyingi kuliko Baba mwenyewe, na ikiwaka vikombe vilicheza kabatini. Kwangu mlio ule ulikuwa usingizi mtamu wa mchana. Basi msimu mmoja, mavuno yamepamba moto, ikaunguza gasketi, lile bamba linalokaa katikati ya kichwa cha injini na kiwiliwili chake ili maji na moshi visikutane. Babu akasema Baba ameiwasha bila kutazama maji. Baba akasema Babu alirudishia gasketi kuukuu akaipaka gundi. Nadhani wote wawili walikuwa wanasema kweli, ndiyo maana walinuniana vile.

Kununa tu kungepita. Lakini Babu alitia nguo zake kwenye mfuko, akauweka mlangoni, akatangaza kwamba anahamia Utete kwa shangazi, kwani hawezi kulala nyumba moja na mtu aliyemuulia injini. Mama alimbembeleza mpaka akakubali kungoja kwanza matengenezo. Mimi nilikuwa nakula sahani moja na Babu tangu nijue kumega tonge. Kila nilipoupita ule mfuko niliusukuma kidogo ndani kwa mguu.

Kichwa kikafunguliwa. Mafundi wa mjini husema silinda hedi, lakini kwetu kilikuwa kichwa tu. Mama akakiviringisha kwenye kanga ili uso wake usikwaruzwe, tukapanda boti hadi Nyamisati, Baba mbele, Babu nyuma, mimi na kichwa katikati. Mama mmoja alisogea ili mtoto asibanwe, akauliza mbona tumemfunika gubigubi na joto lote lile.

"Ana homa," Babu akamjibu, uso mkavu kabisa.

Kule karakana Kibiti, tulikofika kwa gari, fundi alilaza rula ya chuma juu ya kichwa, akamulika tochi upande wa pili. Mwanga ukapenya chini ya rula. "Kimepinda, wazee wangu. Tukichonge," alisema. Mashine yake ikapita polepole ikimenya chuma, maganda membamba yakidondoka sakafuni, hadi uso wa kichwa ukang'aa nikaliona pengo langu ndani yake.

Ikabaki kuchagua gasketi. Fundi akaweka mbili mezani, nyembamba na nene.

"Bibie, mwambie baba'ako achukue nene," Babu akaniambia. "Kichwa hiki kimeshachongwa zamani. Kila kikichongwa, valvu zinaisogelea pistoni. Akiweka nyembamba zitagongana."

Baba alikuwa amesimama hapo hapo, amesikia kila neno, lakini alingoja nifike nimweleze.

"Mwambie babu'ako nene itaipunguzia nguvu. Asubuhi atazungusha hendeli mpaka bega lichomoke."

Nikaenda, nikarudi, nikaenda tena. Fundi alikuwa akifuta mikono ambayo ilishakuwa safi. Mwishowe Babu akapandwa na hasira: "Mwambie ana kichwa kigumu! Hivyo hivyo, usipunguze!"

Niliogopa. Maneno yale yakifika, nilijua mfuko utaondoka mlangoni. Nikatembea taratibu kuliko siku zote, na nilipofika mbele ya Baba nikaliacha neno moja.

"Babu anasema... kichwa kigumu."

Baba alinitazama. Kisha akageukia meza, akapitisha kidole gumba juu ya chuma kile kinachong'aa.

"Kweli," akasema. "Chuma cha zamani hiki. Cha siku hizi kingeshapasuka. Mwambie achague yeye gasketi."

Sikuhitaji kwenda. Babu alikohoa, akatazama bati la paa, halafu akazungumza na mwanawe uso kwa uso. "Tuchukue nene. Ila nati utakaza wewe, mikono yangu imechoka."

Na tuliporudi Salale, Baba ndiye aliyekaza, kuanzia katikati kwenda pembeni, Babu akimwonyesha kwa fimbo kana kwamba Baba hajui. Injini ilitoa moshi mweusi, ikakohoa, ikashika. Kina mama waliokuwa wakingoja na mipunga yao wakapiga vigelegele. Nilikimbilia nyumbani nikaona mfuko uko mtupu, na shati la Babu linaning'inia kwenye msumari wake wa kila siku. Nililala mchana ule kama sijawahi kulala.

Miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba mimi ndiye niliyembakiza Babu, kwa kumeza kale kaneno "ana". Kumbe hesabu yangu ilikuwa ya kitoto. Baba hakuwa Utete. Alikuwa hapo hapo, anasikia kila neno. Nimekuja kuligundua hilo ukubwani, Babu ameshatangulia na mashine iko mikononi mwangu. Nikawa naona haya kuuliza.

Basi pale dukani wiki iliyopita nikampigia Baba simu. Nilimuuliza kwanza nichukue nene au nyembamba, maana kichwa kimechongwa tena. Kisha nikamuuliza kama siku ile kule karakana alimsikia Babu.

Alicheka mpaka akakohoa, kikohozi kile kile cha Babu.

"Si mtaa mzima ulisikia? Ila pale palikuwa na vichwa viwili, mwanangu. Wewe ulipoliacha lile neno, nikaona bora nichague cha chuma."

Nikamwambia muuzaji anifungie ile nene.