Pumzi Chini, Mawazo Juu

Kila asubuhi, kabla hajaondoa kifuniko cha cherehani, shangazi hukaa kwenye stuli, mgongo wima kama rula, akafumba macho. Akivuta pumzi, mawazo yake hupanda na uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine, mpaka katikati ya nyusi. Akiitoa, yanashuka nayo mpaka kiunoni. Mara kumi na mbili. Kisha anauchukua utepe wa kupimia msumarini, anauvaa shingoni, anaanza kushona.

Ndivyo ilivyokuwa.

Alifundishwa na mama wa mazoezi ya viungo pale zahanati. Hakwenda kwa sababu mgongo unauma. Alikwenda kwa sababu hakuna kilichokuwa kinauma. Alipomzika mwanawe wa pekee, kesho yake tu Baba, ambaye ni mdogo wake na ndiye mwenye chumba cha ushonaji, alimkalisha tena kwenye cherehani. Hakulia siku hiyo, wala mwaka ule, wala uliofuata. Siku moja sindano ilimtoboa kidole ikatokea upande wa pili. Aliitazama tu.

"Lete kitambaa," akaniambia. "Damu isiguse hili shati."

Baba akawa anajisifu kwa wateja: "Dada yangu huyu, chuma."

Mimi ndiye niliyemsindikiza zahanati, nikamsikia akisema, "Nataka nisikie kitu. Hata kama ni maumivu."

Lakini pumzi zilimshinda. Fundi aliyebana pini midomoni hapumui mpaka kona ya mshono ipite, na yeye amebana pini miaka ishirini. Kila alipofika nyuma ya moyo, mabega yalipanda, pumzi ikakatika. Mawazo yakatangulia kwenye nyusi yenyewe.

"Wifi," Mama alimuuliza, "leo umefika ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu. Ngazi zimeishia hapo."

"Basi shuka unywe chai, inapoa."

Tulicheka. Naye alicheka, ila kwa mdomo tu.

Siku moja mama wa mazoezi alikuja kupunguziwa gauni, akamkuta kwenye stuli. Alimtazama kidogo.

"Unavuta kwa nguvu," alimwambia. "Ukishona vitambaa viwili, kimoja juu kimoja chini, huwa unavivuta?"

"Thubutu! Nikivuta, kimoja kinazidi, mshono unakunjamana."

"Sasa unafanyaje?"

"Naviongoza tu kwa vidole. Vinakwenda pamoja."

"Haya. Pumzi ndiyo kitambaa cha chini, mawazo ndiyo cha juu."

Shangazi alichukua utepe msumarini. Alimpima kiuno, akaandika.

Wiki ile tulikuwa na kaptula sitini za sare, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Ijumaa asubuhi Baba aliingia akamkuta amefumba macho.

"Dada, chagua moja. Cherehani au hiyo mipumzi yako."

Hakufumbua. Nilikuwa nakunja kaptula mbele yake, nikayaangalia mabega. Hayakupanda. Pumzi iliingia polepole, ikapita pale nyuma ya moyo bila kukatika, ikashuka. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mkono wake ulikwenda nyuma, ukagusa kati ya mabega.

"Panauma," alisema.

"Wapi?" Baba akauliza.

"Hapa. Panauma sana." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Ulinikalisha hapa kesho yake baada ya mazishi."

"Nilidhani kazi itakusahaulisha, dada."

"Ilinisahaulisha."

Baba alizigeukia kaptula. Akazihesabu upya.

Shangazi alivaa viatu. Utepe ulikuwa bado msumarini, hakuugusa. Alipopita mlangoni Mama alimwita, "Wifi, chai!" Akasema, "Kunyweni tu." Tulidhani anakwenda makaburini, na nadhani kweli alianzia huko, kwa sababu tulikuta majani ya kaburi la mwanawe yameng'olewa.

Hakurudi. Kaptula alizimaliza Baba. Cherehani ya shangazi bado ina kifuniko. Mama alimwekea chai siku nne, halafu akaacha.